Mguu wa Kengele

Barua ya kampuni ilikuwa na mistari sita tu, lakini Dereva aliisoma amesimama, kofia kichwani, vifungo vyote vimefungwa, kama vile barua yenyewe ndiyo mkubwa wake wa kazi. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda anakung'uta unga kwenye viatu. Alimwona akiisoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mistari sita haihitaji safari tatu. Akajua humo ndani mna jambo.

Jambo lenyewe halikuwa siri mjini. Tramu zilikuwa zinaondolewa. Mwisho wa mwezi ujao nyaya zingeshushwa, reli zingefunikwa lami, na mabasi mapya, yaliyokwisha kupangwa depo yakinuka rangi, yangeanza kazi. Madereva wa tramu hawangefukuzwa hivi hivi. Kila mmoja angepewa mafunzo ya wiki tatu, kisha mtihani wa barabarani. Atakayefaulu atapewa basi. Atakayeshindwa atarudisha sare na ufunguo wa nyumba, maana zile nyumba za matofali nyuma ya depo, safu tatu, choo kimoja kwa familia mbili, zilikuwa za madereva, si za watu waliowahi kuwa madereva.

Mkewe akashusha pumzi. Akasema kumbe ni hilo tu, yeye alidhani kuna msiba. Mtu aliyeendesha tramu miaka ishirini na mbili bila kugonga hata kuku, kumpa mafunzo ya basi si ni kumfundisha samaki kuogelea.

Dereva akavua kofia. Akaenda kuufunga mlango wa chumba cha mama yake, akarudi, akakaa.

"Mke wangu," akasema, "mimi sijui kuendesha gari."

Mkewe akacheka. Mumewe alikuwa mtu wa utani. Mwaka mmoja aliwaaminisha majirani wote kwamba umeme wa tramu ni radi ya masika iliyohifadhiwa kwenye mapipa. Lakini safari hii masikio yake yalikuwa yameshuka, na masikio yake hayakujua utani.

"Wewe ni dereva," akamwambia.

"Wa tramu. Umewahi kuona usukani kwenye tramu?"

Mkewe akaanza kukumbuka. Mkono wa kushoto kishikio cha umeme. Mkono wa kulia breki. Chini ya mguu wa kushoto kile kitufe cha kengele, ukikikanyaga mji mzima unasikia. Usukani, hakuna. Miaka tisa yeye mwenyewe alikuwa anaendesha gari la mikate la kiwanda cha kuoka, watoto wa mtaani wakimwita Bi Mikate, na kila alipompa mumewe lifti, huyu bwana alikaa pembeni na kumkosoa: gia hiyo umechelewa, breki hiyo umeikanyaga kama mende. Mkono wake haukuwahi kugusa kitu. Halafu akakumbuka harusi ya kaka yake. Dereva aliombwa amwendeshe bwana harusi, na hapo hapo mgongo ukamshika, akatembea amejikunja siku mbili.

"Na ule mgongo?"

"Ule mgongo," akakiri.

"Nilikukanda siku mbili nzima."

"Na ulinikanda vizuri sana."

Alitaka kumrushia kiatu. Akakiweka chini, akauliza mtihani ni lini.

*

Kuta za nyumba za kampuni ni nyembamba, chafya ya huku hujibiwa "pole" na wa kule. Mama mkwe akatoka chumbani kufuata maji, na alipokwisha kunywa hakurudi. Akavuta kiti. Yeye alizaliwa, akaolewa na akafiwa ndani ya safu hizo hizo tatu; mumewe aliendesha tramu ya umeme, na mkwewe mwanamume, babu yake Dereva, aliendesha ile ya farasi.

Akawaeleza, ingawa hawakuuliza, kwamba zamani barabara zilikuwa tope hadi magotini. Farasi wanne walishindwa kuvuta gari lenye watu kumi. Zilipowekwa reli, farasi wawili wakavuta watu thelathini huku wanatafuna, na mji mzima ukatoka kutazama. Watu wakapata kuishi mbali na kazi zao. Wanawake wakaenda sokoni na kurudi kabla sufuria haijachemka. Halafu ikaja nguzo, ukaja waya, farasi wakauzwa, na babu akaambiwa asimame ashike chuma. Wiki nzima alikuwa anaibembeleza mota kama anavyobembeleza mnyama. Watu wakamcheka, akajifunza, wakachoka kucheka.

"Ila yule farasi mweupe hakujifunza," akasema mama mkwe. "Alinunuliwa na muuza maziwa. Wakitoka na maziwa, farasi anasimama kila kituo cha tramu. Hapigiki, havutiki. Haondoki mpaka asikie kengele."

Bi Mikate akauliza muuza maziwa alifanyaje.

"Angefanyaje? Alinunua kengele."

Bi Mikate akacheka mpaka akashika ukuta. Dereva hakucheka. Akamwambia mama yake kwamba ameelewa, kwamba anafananishwa na farasi.

"Hapana, mwanangu," mama yake akamjibu. "Farasi hakusingizia mgongo."

*

Walianza siku ya pili, kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda cha matofali, saa nne asubuhi, Bi Mikate akishamaliza kusambaza mikate na Dereva akiwa bado hajaingia zamu yake ya mchana. Tajiri wa kiwanda cha kuoka hakuambiwa. Gari lenyewe lilikuwa la mabati, limeandikwa "mikate ya moto" ubavuni, na ndani lilinuka hamira kiasi kwamba mtu akikaa nusu saa anaanza kuona njaa.

Kuondoka aliondoka vizuri. Gia alizishika haraka, mikono yake ilikuwa mikono ya mtu wa mashine. Shida ilikuwa mguu wa kushoto. Mguu ule ulikuwa wa kengele, na miaka ishirini na mbili ulikuwa na kazi moja: mtu akijitokeza mbele, ukanyage. Kwenye gari pale pana klachi. Basi mbuzi alipokatiza uwanja, Dereva akakanyaga klachi kwa nguvu zake zote, mara tatu, ka ka ka, jinsi wanavyopiga wao depo, huku gari likiteleza polepole kwa upole mkubwa kuelekea kwa mbuzi. Mbuzi akajiokoa mwenyewe. Bi Mikate akavuta breki ya mkono.

"Umemwambia nini?" akauliza.

"Nimempigia kengele."

"Amesikia?"

Siku ya nne wakagundua la pili. Bi Mikate aliliendesha mwenyewe hadi barabara kuu iliyonyooka, akampa usukani, na kila walipofika mbele ya posta Dereva aliondoa mguu kwenye mafuta, gari likapungua mwendo, halafu akakanyaga tena. Mbele ya duka la viatu, vivyo hivyo. Bi Mikate akadhani ni petroli chafu. Kumbe hapo juu ndipo zinapoungana nyaya za tramu, na dereva wa tramu akipita kwenye kiungo sharti akate umeme, la sivyo cheche zinaruka na mota inaungua. Gari la mikate halikuwa na waya wowote. Lakini mwili wa Dereva uliujua mji wote kwa viungo vyake, ukakata umeme ambao haukuwepo.

Yote hayo yalikuwa ya kucheka. Kona haikuwa ya kucheka.

Siku ya sita walirudi uwanjani wazunguke marundo ya matofali mabichi. Dereva akaenda moja kwa moja, mwendo mzuri, mgongo wima, macho mbele, usukani umeshikwa kwa mikono miwili kama sinia ya wageni, na akaingia katikati ya rundo. Hakufunga breki, hakupiga kelele. Matofali mabichi hayavunjiki, yanakunjamana. Gari likasimama limevaa udongo mpaka kwenye taa. Mafundi kumi na watano wakaja kutazama. Mmoja akamtambua, akauliza kwa heshima zote kama huyu si yule mzee wa tramu namba mbili. Mwingine akamjibu asimsumbue, hapo ni kituo, anashusha abiria.

Wakatumia saa mbili kuyafinyanga upya, mke na mume, magotini, sare ya kampuni imekunjwa mpaka kwenye mapaja. Bi Mikate akauliza, mikono yake ikiwa udongoni, bila kumtazama, kitu gani kinampitia kichwani akifika konani.

"Nangoja," akasema.

"Unangoja nini?"

"Ligeuke."

Akalainisha tofali kwa kidole gumba. Kisha akaeleza, kwa sauti ndogo, kwamba kona ikija yeye hukata umeme, hushika breki kidogo, halafu hungoja, na tramu inageuka. Miaka yote imegeuka yenyewe. Akili yake inajua kwamba gari haligeuki lenyewe. Lakini akifika pale kuna mahali ndani yake panasema tulia, njia inajua.

Bi Mikate hakucheka. Mara ya kwanza tangu barua ije, aliogopa. Klachi inafundishika. Hili alikuwa hajui linashikwa wapi.

*

Mafunzo ya depo yalikuwa mabaya kuliko ya uwanjani, kwa sababu yalikuwa na watazamaji. Mkaguzi aliyewekwa kuwatahini alikuwa zamani kondakta wa Dereva mwenyewe, kijana aliyependa kuongea na wasichana vituoni mpaka siku moja Dereva akamwacha huko, akafanya njia nzima bila kondakta. Sasa kijana alikuwa na kitambi, tai, na kitabu cha alama. Hakulipiza kisasi, na hilo ndilo lililouma. Alimwita mzee. Alimwambia mzee, tena taratibu. Alimfungulia mlango wa basi. Wenzake kumi na mmoja walishapita mitihani yao wiki hiyo, wote wakapelekwa njia moja: kutoka depo, mtaa mkuu, mzunguko wa sokoni, halafu kulia kwenye njia panda kwenda nyumba mpya. Watu walikuwa wamehamia huko miaka mitano iliyopita, na reli haikuwahi kuwafuata. Ndiyo sababu mabasi yaliletwa.

Jioni kabla ya mtihani Bi Mikate alimkuta mumewe anausugua ufunguo wa nyumba kwa majivu. Ulikuwa unang'aa kama kijiko cha wageni. Akasema ataurudisha mwenyewe asubuhi, kabla hajaambiwa. Mtu mzima haaibishwi mara mbili.

Bi Mikate alitaka kumwambia pole. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Haya, rudisha. Ukitoka huko utatukuta nje, mimi na mama yako na vitanda viwili. Utatuambia tunashuka kituo gani."

Kule chumbani mama mkwe akakohoa kikohozi cha mtu anayeunga mkono. Dereva akauweka ufunguo mezani. Hakulala vizuri, na mkewe akajua hakulala vizuri kwa sababu naye hakulala.

*

Asubuhi hiyo Bi Mikate alipakia mikate kama kawaida, akasambaza dukani, hotelini, shuleni, akabakiza makreti sita ya hospitali, ambayo kwa desturi hufika saa tatu. Saa tatu akawa nje ya lango la depo, injini inanguruma. Alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa wa kipuuzi kiasi kwamba hakumwambia mtu. Ikiwa mume wake anahitaji kitu cha kufuata, basi atapewa kitu cha kufuata.

Basi likatoka. Tupu, jipya, refu kama jengo, na kwenye kioo cha mbele uso wa mumewe ukiwa mdogo na mgumu, Mkaguzi amekaa nyuma yake na kitabu. Bi Mikate akaingia barabarani mbele yao, polepole, katikati ya njia.

Kwenye kioo chake aliona uso ule unabadilika. Amemtambua. Bi Mikate akatoa mkono dirishani, akaushusha: punguza. Nyuma, basi likapunguza. Mbele ya posta basi likapungua tena bila sababu, akatabasamu peke yake. Mwanamke mwenye kapu akakatiza. Bi Mikate akafunga breki, na moyo wake ukasimama pamoja na gari, akingoja mguu ule wa kushoto. Basi likasimama. Mguu wa kulia, sawasawa, hatua tatu nyuma yake. Yule mwanamke wa kapu hakujua hata siku moja kwamba alikuwa mtihani.

Mzunguko wa sokoni ndio aliouogopa. Akauingia kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Mkono nje, kulia, zunguka, zunguka, na nyuma yake lile jengo likajikunja, likazunguka, likatoka likiwa zima. Akapumua. Akaanza hata kuimba kidogo.

Njia panda ikaja. Kulia ni nyumba mpya, kushoto ni hospitali. Wote kumi na mmoja walipelekwa kulia. Bi Mikate akatoa mkono, akaonyesha kulia kwa uwazi wote wa mbinguni na duniani, akakata kona, akaenda hatua hamsini, akatazama kioo.

Kioo kilikuwa na barabara tupu.

Akasimamisha gari pembeni, akageuza shingo. Basi lilikuwa limesimama pale njia panda, taa yake ndogo ya kushoto inawaka na kuzimika. Mkaguzi amesema kushoto. Hospitali. Kama yeye angefanya kazi yake tu asubuhi hiyo, kama angepeleka mikate ya watu inakotakiwa, angekuwa mbele yake sasa hivi. Hakuwa na pa kugeuzia. Hakuwa na cha kufanya isipokuwa kutazama.

Basi halikusogea. Gari moja nyuma yake likapiga honi, la pili likapokea. Mtu wa mkokoteni akasimama aone kuna nini. Bi Mikate alihesabu mpaka saba, na kwenye saba alijua kabisa kinachoendelea nyuma ya kile kioo: umeme umekatwa, breki imeshikwa kidogo, na mume wake mpendwa amekaa wima, anangoja. Alianza kupanga kichwani vitanda viwili na meza vitaingiaje kwenye gari la mikate.

Halafu magurudumu ya mbele yakasogea. Yalianza pole, kama shingo ya mtu aliyelala vibaya, yakasita, yakaendelea. Basi likaanza kuonyesha ubavu wake, dirisha moja baada ya jingine, madirisha yote ya kulia mpaka la mwisho, kisha mgongo, kisha vumbi. Limekwenda. Limemwacha. Bi Mikate akabaki pembeni mwa barabara, mkono wake bado umetoka dirishani unaonyesha kulia, hakuna anayemfuata.

*

Saa sita Dereva alirudi nyumbani. Alivua kofia, akanawa mikono, akamsalimia mama yake, akakaa. Mama mkwe aliyekuwa anachambua mchele akachambua punje moja kwa muda mrefu sana. Bi Mikate alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, akaapa hataanza yeye.

"Nimepita," akasema Dereva. Akanywa maji. "Mkaguzi anasema kusimama nasimama vizuri, ila nasimama hata pasipotakiwa. Nitazoea."

Mama mkwe akasema alhamdulillahi kwa mchele.

"Ameniuliza vilevile," akaendelea, "lile gari la mikate lililotuzibia njia mtaa mzima ni la nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia simjui huyo mama. Lakini anaonekana amepotea."

Bi Mikate akampiga kwa kile kitambaa, begani, kichwani, begani tena. Alicheka mpaka akaketi, na alipoketi akagundua kwamba analia, na akiwa katika kulia akakumbuka kitu kilichomsimamisha wima kama mwiba. Makreti sita. Mikate ya wagonjwa ilikuwa bado kwenye gari, nje, juani, tangu asubuhi, na wagonjwa wamekunywa chai kavu, na tajiri wake bila shaka ameshapigiwa simu mara tatu.

Dereva alikuwa ameshasimama. Akavaa kofia. Hakuuliza, hakuomba, alipita mlangoni, akazunguka mbele ya gari, akapanda upande wa usukani, akangoja. Mkewe akasita, kisha akahamisha kreti la juu, akakaa mahali pake, magoti yamebanwa na mikate. Gari likaondoka, likaiacha safu ya tatu, likapita lango la depo.

Tangu aanze kazi hiyo Bi Mikate hakuwahi kupita mtaa ule bila kuitazama barabara. Siku hiyo hakuitazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama dereva.